Mauthipisi, Ala na Mpulizaji: Anza na Mkia, Kikombe Baadaye

Noti za juu zikikataa kutoka, wa kwanza kulaumiwa ni mpulizaji. Ataambiwa hana pumzi, hafanyi mazoezi, au midomo yake si ya tarumbeta. Akipata wa kumtetea, lawama huhamia kwenye mauthipisi, kile kipande kinachogusa midomo, na hapo kila mjuzi wa bendi ana dawa yake: tafuta yenye kikombe kidogo, tafuta yenye kikombe kikubwa, tafuta kama ile anayopulizia fulani. Mwongozo huu unakuomba uahirishe mjadala wa kikombe. Mauthipisi hutakiwa kulingana na vitu vitatu: ala, kisha muziki unaopigwa, kisha mdomo wa mtu. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo haupinduliwi. Mauthipisi isiyokaa sawasawa kwenye ala haiwezi kupimwa kwa jambo lingine lolote, kwa sababu kila utakachokisikia kitakuwa kimechanganyika na kasoro ya mkao wake.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili ni zito kuliko linavyoonekana katika vitabu vya kufundishia vya Ulaya na Marekani, ambavyo humchukulia mwanafunzi kana kwamba amenunua ala mpya na kuikuta mauthipisi yake ndani ya kasha lile lile. Vikundi vya beni vya pwani viliiga bendi za kijeshi tangu miaka ya 1890. Bendi za polisi na Jeshi la Wokovu zilikuja na ala za Kiingereza, misheni za Kilutheri zikaja na za Kijerumani, na leo misaada na maduka huongeza za Marekani, Japani, China na India. Ala hukaa stoo miaka mingi, lakini mauthipisi huhama: huazimwa, hupotea, huanguka nyuma ya jukwaa, hurudishwa kwenye kasha lisilo lake. Baada ya muda hakuna anayejua ipi ilikuja na ipi, na mwanafunzi mpya hupewa iliyobaki.

Sehemu tano za kuzijua

Ishike mauthipisi mkononi, upande mpana ukutazame. Duara linalokaa juu ya midomo ni ukingo. Bonde lililo ndani yake ni kikombe. Chini ya kikombe kuna tundu jembamba, koo. Kwenye mauthipisi ya kawaida ya tarumbeta ya kampuni ya Bach koo lina upana wa milimita 3.66, na hakuna mahali pengine hewa inapobanwa zaidi kuliko hapo. Kutoka kooni njia hutanuka tena polepole hadi mwisho. Huo ni mkondo wa nyuma. Upande wa nje wa sehemu hiyo, unaoingia kwenye soketi ya ala, ni mkia.

Kikombe, koo na mkondo wa nyuma kwa pamoja ni chumba kidogo cha hewa chenye mlio wake, kama chupa tupu inavyolia ukiipuliza mdomoni. Mlio huo unaweza kuusikia sasa hivi: chomoa mauthipisi, acha mkia wazi, kisha piga ukingo kwa kiganja cha mkono. Itatoka sauti fupi ya "po". Ukifanya hivyo kwa mauthipisi mbili za aina moja, yenye kikombe kirefu zaidi kwa kawaida italia chini zaidi. Mwanafizikia wa Marekani Arthur Benade, katika kitabu chake cha akustika ya muziki cha mwaka 1976, alieleza kwamba ujazo wa mauthipisi pamoja na mlio huo huchangia sana kuamua kama noti za juu za ala zitalingana na za chini. Kikombe kikizidi ukubwa, noti zote hushuka, ila za juu hushuka zaidi. Kikipungua, za juu hupanda zaidi. Ndiyo maana ala inaweza kutyunika vizuri kwenye noti moja na bado ikawa imepotoka kwenye oktava inayofuata. Slaidi ya kutyuni husogeza ala nzima. Haiwezi kupatanisha oktava zilizogombana.

Kwa nini mkia unatangulia

Mkia na soketi vyote huchongwa kwa mteremko mdogo, ili kimoja kiingie ndani ya kingine na kukazana. Kwa tarumbeta mteremko huo ni takriban 1 kwa 20, yaani kwa kila milimita 20 za urefu, upana hubadilika kwa milimita 1. Sasa piga hesabu. Soketi iliyolika kwa milimita 0.1 tu, unene wa karatasi moja ya fotokopi, itaiachia mauthipisi izame milimita 2 zaidi. Ukiizungusha karatasi hiyo mara moja kwenye mkia, umeongeza milimita 0.1 kila upande, jumla 0.2, na mauthipisi itasimama milimita 4 nje ya mahali pake. Ndani ya soketi, kati ya ncha ya mkia na mwanzo wa bomba la kwanza la ala, tarumbeta nyingi huachiwa pengo la milimita 3 hivi. Karatasi moja basi inatosha kulifanya pengo hilo kuwa zaidi ya mara mbili ya lilivyokusudiwa.

Pengo likikosewa, noti hukosa mahali pa kutulia. Mpulizaji husikia kwamba noti inateleza, kwamba kuianza kwa sauti ndogo ni kubahatisha, kwamba sol ya juu inahitaji nguvu isiyo ya kawaida. Hizi ndizo dalili zile zile ambazo watu huzitaja wanapodai kikombe kingine. Kuna wanaopinga kwa mfano: fulani amefunga tepu ya mafundi bomba kwenye mkia miaka yote na anapiga vizuri. Inawezekana kabisa. Midomo ya mtu mzoefu inaweza kuipinda noti juu au chini bila yeye kujua, na sikio lake likaridhika. Lakini kupinda huko ni kazi ya misuli, na kazi hiyo hulipwa saa ya pili ya harusi, midomo inapokwisha. Anayeanza hana hata misuli ya kulipia. Isitoshe, tepu hujibana kila inapokazwa, kwa hiyo mkao wa leo si wa kesho, na wanabendi wawili wenye tepu hawawezi kutyuni pamoja kwa muda mrefu.

Kupima mkao, hatua kwa hatua

1. Osha mkia na soketi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha futa soketi kwa kitambaa laini. Mate yaliyokauka na kutu ya kijani vina unene wake, na umeshaona milimita 0.1 hufanya nini.

2. Geuza mauthipisi utazame ncha ya mkia. Iwe duara kamili. Mauthipisi ikianguka, mara nyingi hutua kwa ncha hiyo, na ncha hubonyea. Ikiwa imebonyea, usiendelee na vipimo. Mpe fundi airudishe kwa chuma laini chenye mteremko. Bisibisi na koleo vitaichana.

3. Iingize taratibu, kisha izungushe kidogo sana ili ikamate. Usiigonge kwa kiganja. Kugonga ndiko kunakoifanya ikwame.

4. Itikise kushoto na kulia. Ikicheza, mteremko wake haufanani na wa soketi, hata kama inaonekana kuingia vizuri.

5. Weka alama ya penseli pale soketi inapoishia, chomoa, pima kutoka kwenye alama hadi ncha. Kwa tarumbeta tarajia karibu sentimita 2.5. Iliyoingia sentimita 1.5 tu, au iliyozama hadi kwenye sehemu nene, si ya ala hiyo.

6. Ikikaa imara lakini noti bado zinateleza, tumia karatasi kama kipimo. Chukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, si ya fotokopi, zungusha mara moja, ingiza, piga. Sauti ikitulia, umejua kwamba pengo ndilo tatizo na mauthipisi inazama mno. Isipobadilika au ikiharibika zaidi, toa karatasi na utafute sababu kwingine. Karatasi inatoka kwa vyovyote. Ilikuwa kipimo tu.

Mikia inayofanana na isiyo ndugu

Mtego mkubwa ni koneti na tarumbeta. Mkia wa koneti ni mfupi na mwembamba zaidi. Ukiuweka kwenye tarumbeta utazama na kucheza. Wa tarumbeta kwenye koneti hautaingia inavyopaswa. Ubaya ni kwamba zote mbili zinaweza kuwa zimepigwa mhuri wa 7C. Mhuri huo unakueleza habari za ukingo na kikombe, hausemi kitu kuhusu mkia. Koneti za mtindo wa Kiingereza pia hutaka kikombe kirefu chenye umbo la faneli, na ukimpa mpiga koneti mauthipisi ya koneti iliyochongwa kikombe cha tarumbeta, atatoa sauti kali ya tarumbeta na kiongozi atamlaumu yeye.

Tromboni zina mikia miwili mikuu, mdogo na mkubwa. Zile nyembamba ambazo wanafunzi wengi huanzia hutumia mdogo. Zile pana, hasa zenye kifyatuo cha fa, hutumia mkubwa. Mkia mdogo kwenye soketi kubwa huzama na kutikisika. Mkia mkubwa kwenye soketi ndogo hugusa mlangoni tu, na wapo wanaopuliza hivyo hivyo wakishangaa kwa nini tromboni inashuka. Yufoniamu ndiyo yenye vurugu zaidi, kwa kuwa ina mikia mitatu: mdogo, wa kati na mkubwa. Yufoniamu za Besson zilizotengenezwa kabla ya miaka ya katikati ya 1970 hutaka mkia wa kati, na hizo ni ala ambazo bendi zenye asili ya Kiingereza zinazo hadi leo. Mauthipisi ya tromboni, ya mkia mdogo au mkubwa, haimsaidii mwenye ala hiyo. Flugelihoni nazo zina mikia ya aina tatu, horni na tuba kila moja mtindo wa Ulaya na wa Marekani. Kwa hizi, usinunue kwa jina wala kwa picha; beba ala dukani, au beba mauthipisi inayokaa vizuri uilinganishe.

Tahadhari moja kabla ya kuishutumu mauthipisi kwa tyuni. Bendi za Kiingereza, zikiwamo za Jeshi la Wokovu, zilitumia tyuni ya juu, la ikiwa takriban Hz 452 badala ya 440 ya leo, hadi miaka ya 1960. Ala ya enzi hiyo ambayo haikufanyiwa marekebisho itapanda karibu nusu ya nusutoni hata ukiipa mauthipisi bora duniani. Pia ala yenye vali ina makosa yake ya kuzaliwa: noti za vali ya 1 na 3, na za vali zote tatu, hupanda, na mi ya kati isiyobonyezwa vali hushuka kidogo. Hayo hurekebishwa kwa slaidi ndogo na kwa sikio. Anayebadilisha mauthipisi ili kuponya re ya chini ataendelea kuzibadilisha maisha yake yote.

Muziki kwanza, kisha uso

Mkia ukishakaa sawa, kikombe kinapata haki ya kujadiliwa. Kikombe kirefu hutoa sauti nzito na ya mviringo na husaidia noti za chini. Kifupi hutoa sauti kali inayopenya, na humpunguzia kazi anayekaa juu muda mrefu. Koo pana hupitisha hewa nyingi, na humaliza pumzi upesi. Neno la kushika hapo ni "humpunguzia kazi". Kikombe kifupi hakimpi mtu noti ambazo hana. Kinamfanya afike kwa jasho kidogo kwenye zile alizo nazo, na kwa gharama ya unene wa sauti. Kwa hiyo jiulize unapiga nini. Tarumbeta ya kwanza ya bendi ya dansi na ya kwaya ya tarumbeta kanisani zinafanya kazi tofauti. Bendi ya matarumbeta inayotembea juani nyuma ya gari la bibi harusi inahitaji ustahimilivu na sauti ya kusikika nje, na nyimbo zake nyingi hukaa katikati ya ala; hapo kikombe cha wastani ndicho cha busara, wala si kile kifupi kinachouzwa kwa ahadi ya noti za juu.

Kwa anayeanza tarumbeta, chochote kati ya 7C, 5C na 3C za Bach, au zinazolingana nazo, kinatosha kwa miaka. Tromboni ndogo, 12C; anayekua na kutaka sauti nene zaidi, 6½AL, ambayo huuzwa kwa mikia yote miwili, kwa hiyo kuwa macho. Tuba kwa kijana, 24AW. Kwa mtu mzima, 18 au Helleberg. Wengi watanipinga hapa kwa kutaja magwiji. Adolph Herseth, tarumbeta ya kwanza ya Orkestra ya Chicago tangu 1948 hadi 2001, alijulikana kwa mauthipisi kubwa, na vijana wengi wamenunua kubwa kwa sababu yake. Lakini Herseth aliumia mdomo katika ajali ya gari mwaka 1952, akalazimika kuujenga upya upigaji wake, na alikuwa na mafunzo, pumzi na ala ambazo anayemwiga hana. Mauthipisi ya gwiji inakueleza kilichomfaa mdomo mmoja katika kazi moja.

Sasa uso. Imani kongwe ya bendi inasema mwenye midomo minene apewe tuba, mwenye myembamba apewe tarumbeta. Haina mashiko. Philip Farkas, aliyekuwa horni ya kwanza ya Orkestra ya Chicago, alichapisha mwaka 1962 kitabu chenye picha za midomo ya wapulizaji wa orkestra hiyo, na ukizitazama huoni umbo moja la mdomo wala mahali pamoja pa kuweka ukingo. Kinachohesabika ni kile kiasi cha mdomo kinachoingia ndani ya ukingo na kutikisika, pamoja na meno yaliyo nyuma yake. Imani hiyo ina chembe moja tu ya ukweli. Mdomo wenye nyama nyingi ukiingia kwenye kikombe kifupi, unapopiga kwa nguvu unaweza kugusa kuta za kikombe na sauti ikakatika ghafla. Dalili ni wazi: sauti ndogo inatoka safi, sauti kubwa inazimika. Dawa ni kikombe kirefu kidogo au ukingo mpana kidogo kwa ndani, na mtu abaki na tarumbeta yake.

Ukingo nao una tabia. Ulio mnene na wa mviringo hutandaza shinikizo na ni rafiki kwa saa nyingi. Wenye pembe kali ndani huipa noti mwanzo uliokatwa vizuri, lakini huuma. Mwenye meno yaliyopishana au waya za kunyooshea meno atafute wa mviringo. Na maumivu si sehemu ya mazoezi. Midomo ya Louis Armstrong ilijeruhiwa vibaya kwa kupiga juu na kwa nguvu usiku hadi usiku, hasa miaka ya 1930, na madaktari baadaye waliita kuchanika kwa msuli unaozunguka mdomo kwa jina lake la utani, Satchmo. Ikiwa ukingo unaacha alama isiyoondoka baada ya saa kadhaa, au mdomo unakufa ganzi, acha kupiga siku hiyo. Kubadilisha mauthipisi hakutamponya anayeibandika usoni kwa nguvu za mikono.

Namba hazisemi lugha moja

Vincent Bach, Mwaustria aliyehamia Marekani na kuanza kutengeneza mauthipisi mwaka 1918, alitumia namba zinazopungua kadiri ukingo unavyopanuka: 7C ina milimita 16.2 hivi kwa ndani, 3C 16.3, 1½C 17. Herufi zake huanza A kwa kikombe kirefu na kuelekea F kwa kifupi. Yamaha na Schilke walifanya kinyume kwa vyote viwili: namba kubwa ni ukingo mpana, na A ndiyo kikombe kifupi. Denis Wick, aliyekuwa tromboni ya kwanza ya London Symphony Orchestra, alirudi kwenye namba ndogo kwa ukingo mpana. Viwanda vinavyoiga hupiga mhuri wa 7C juu ya maumbo mbalimbali. Zaidi ya hapo, watengenezaji hawapimi mahali pamoja kwenye ukingo, kwa hiyo milimita za kampuni moja si lazima ziwe za nyingine. Tena tazama ukubwa wa tofauti hizo: kati ya 7C na 3C ni milimita 0.1, na watu wako tayari kugombana kwa ajili yake, huku mauthipisi ikisimama milimita 4 nje ya soketi bila mtu kuuliza.

Kujaribu mauthipisi mpya bila kujidanganya

Siku ya kwanza mauthipisi mpya karibu kila mara huwa nzuri kuliko ya zamani. Ukingo unagusa sehemu ambayo haijachoka na hamu iko juu, kwa hiyo hukumu ya siku hiyo usiiandike. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ukitaka ukingo mwingine, baki na kikombe cha kina kile kile. Kisha:

1. Piga do ya kati kwa sauti ndogo, uianze mara kumi bila kuigonga kwa ulimi mkali. Hesabu zilizokataa.

2. Washa programu ya kutyuni kwenye simu, mwenzako aiangalie, wewe usiitazame. Piga do ya kati, kisha ya oktava ya juu, kwa pumzi ile ile. Ya juu ikishuka kila mara, kikombe ni kikubwa mno. Ikipanda kila mara, ni kidogo mno au unabana midomo. Ili kutofautisha, mwombe mpulizaji mzoefu ajaribu ala hiyo hiyo.

3. Piga wimbo unaoujua kwa mauthipisi zote mbili, mtu akisikiliza kutoka upande wa pili wa ukumbi bila kujua ipi ni ipi. Sauti anayoisikia mpulizaji nyuma ya ala siyo inayofika mlangoni.

4. Rudia yote mwishoni mwa mazoezi, midomo ikiwa imechoka. Jibu la midomo iliyochoka lina uzito zaidi.

5. Kaa nayo wiki mbili bila kurudi kwenye ya zamani. Isipokuwa imekuumiza, usihukumu kabla ya hapo.

Kipingamizi cha mwisho ni pesa, nacho ni cha haki: bendi nyingi haziwezi kununua mauthipisi tano ili kuchagua moja. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu una faida. Kupima mikia hakugharimu chochote, na stoo ya bendi ikipimwa siku moja, ala zote zikiwa mezani, huenda ikaonekana kwamba nusu ya tatizo ni kubadilishana tu: ya koneti iliyokuwa kwenye tarumbeta irudi nyumbani, ya mkia wa kati iende kwa yufoniamu. Andika kwenye daftari: ala, namba yake, mauthipisi inayokaa, kina cha mkia kwa milimita. Funga lebo kwenye kasha.

Orodha ya kubeba unapokwenda kununua iliyotumika

☐ Ala yenyewe, au mauthipisi inayokaa vizuri ya kulinganisha
☐ Rula au kalipa, penseli, kitambaa
☐ Ncha ya mkia ni duara, haina ufa
☐ Ukingo hauna mkwaruzo unaoshikwa na kucha
☐ Rangi ya fedha haijatoka ukingoni. Shaba tupu huwasha midomo ya baadhi ya watu na huacha ladha ya chuma
☐ Ukitazama mwangani, koo ni duara na halijatobolewa upya kwa drili
☐ Hakuna dalili ya koleo kwenye mwili wa mauthipisi

Mauthipisi iliyokwama isivutwe kwa koleo, kwa kuwa bomba la kwanza la ala ni jembamba na litapinda kabla mkia haujaachia. Kuna kifaa chake cha kuvutia, na fundi wa ala huwa nacho. Mauthipisi za kushirikiana zioshwe kwa sabuni na brashi kila mtu anapomaliza, na mwenye vidonda vya homa mdomoni asimpe mwingine ya kwake hata baada ya kuosha. Kama bendi ina uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa kila mwanachama, kiwe mauthipisi yake mwenyewe.

Ikitokea kwamba hakuna mauthipisi yenye mkia unaofaa, hasa kwa yufoniamu za zamani, fundi mchonga vyuma mwenye mashine ya leithi anaweza kutengeneza pete ndefu ya shaba yenye mteremko ndani na nje, ivikwe kwenye mkia mdogo na kuingia soketi kubwa zaidi. Mpelekee ala na mauthipisi, usimpelekee vipimo vya kusimulia. Mwambie pete iishie pale mkia unapoishia, isiwe na ukingo wa ndani unaoziba njia ya hewa. Na mwambie asiguse mauthipisi yenyewe: pete ikiharibika inachongwa nyingine, mkia ukinyolewa haurudi.